Mifupa ya wayo: Mpangilio ukienda kombo, mguu hupinda

MTOTO mchanga anapozaliwa na wayo uliopinda, macho ya waliopo humwangalia mtoto, kisha humgeukia mama. Kabla ya juma kwisha, maelezo ya kila aina huwa yamekwisha kutolewa. Mama aliketi vibaya akiwa mjamzito. Mama alimcheka mlemavu njiani. Ukoo una laana. Jirani ana mkono katika jambo hili.

Maelezo hayo yote hayana msingi. Wayo wa kupinda ni kasoro ya mpangilio wa mifupa. Mifupa yote ya wayo ipo, na idadi yake ni ile ile aliyo nayo mtoto mwingine yeyote, ila imekaa upande usiofaa na kufungwa huko na kano zilizokaza.

Tofauti hiyo si ndogo. Kiungo kisichokuwepo hakiwezi kurudishwa kwa mkono, lakini mifupa iliyokosa mahali pake inaweza kurejeshwa ingali laini, mradi anayeirejesha aelewe namna inavyoshikamana. Asipoelewa, juhudi zake zinaweza kuuharibu wayo zaidi ya alivyoukuta.

Ndiposa inafaa kuanza na ujenzi wa wayo wenyewe.

Wayo ulivyojengwa

Wayo mmoja wa binadamu una mifupa 26. Nyayo mbili zina mifupa 52, yaani takriban robo ya mifupa yote 206 ya mtu mzima.

Mifupa hiyo 26 imegawanyika katika makundi matatu. Nyuma na katikati kuna mifupa saba mifupi na minene. Mbele yake kuna mifupa mirefu mitano, na mwishoni kuna mifupa midogo 14 ya vidole: miwili katika kidole gumba, na mitatu katika kila kidole kingine.

Katika ile mifupa saba, ulio muhimu zaidi kwa maelezo yetu ni talasi. Huu ndio mfupa unaoingia katika kifundo cha mguu, chini ya mfupa wa muundi, na kupokea uzito wote wa mwili. Talasi ina sifa moja ya ajabu: hakuna msuli hata mmoja unaoshikilia mfupa huo. Husogea tu inaposukumwa na majirani zake.

Chini ya talasi upo mfupa wa kisigino, ambao ndio mkubwa kuliko yote ya wayo. Mbele ya kichwa cha talasi upo navikula, mfupa uliopewa jina la Kilatini lenye maana ya mashua ndogo kwa sababu ya umbo lake. Upande wa nje, mbele ya kisigino, upo mfupa wa kuboidi unaokaribia umbo la mchemraba. Mitatu iliyobaki ina umbo la kabari.

Mifupa hii hufungwa pamoja na kano, ambazo ni nyuzi ngumu za mwili, na huvutwa na misuli inayoanzia kwenye shavu la mguu na muundi. Ikikaa sawasawa, hufanya matao ya wayo, ambayo hubeba uzito kama tao la mawe linavyobeba ukuta juu ya mlango. Jiwe moja likiteleza, mengine hayawezi kubaki yalivyokuwa.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba mifupa ya wayo haiendi kila mmoja peke yake. Kisigino, navikula na kuboidi huizunguka talasi kwa pamoja, mfano wa mabehewa ya garimoshi. La mbele likigeuka, la nyuma hufuata. Ukilizuia mojawapo, yote hukwama.

Kasoro za ukubwani

Kanuni hiyo ya jiwe na tao huonekana hata katika kasoro ambazo watu wengi huzichukulia kuwa jambo la kawaida.

Chukua mfano wa uvimbe unaotokeza ubavuni mwa wayo, penye shina la kidole gumba, na kuwasumbua hasa wanawake. Wengi hudhani ni mfupa mpya unaoota. Kwa hakika, ni kichwa cha mfupa mrefu wa kwanza kilichosukumwa kuelekea upande wa wayo wa pili, huku kidole chenyewe kikilalia vidole vingine. Urithi huchangia, na viatu vyenye ncha nyembamba huzidisha. Ukiukata uvimbe na kuuacha mpangilio jinsi ulivyo, kidole hakinyooki.

Mfano wa pili ni wayo bapa, yaani usio na tao upande wa ndani. Watoto wadogo karibu wote wana nyayo bapa, kwa sababu kano zao bado zimelegea na kuna mafuta mengi unyayoni. Tao hujijenga polepole katika miaka kumi ya kwanza ya maisha.

Mzazi anaweza kumpima mtoto nyumbani. Mwambie asimame kwa ncha za vidole na umtazame kutoka nyuma. Tao likijitokeza na visigino vikielekea ndani, mifupa inasogea vyema, na iwapo hana maumivu hahitaji tiba. Tao lisipojitokeza kabisa, au wayo ukiwa mkavu kama ubao, huenda mifupa miwili imeungana pasipostahili, na inafaa aonwe na daktari.

Viatu navyo vina sehemu yake. Uchunguzi uliofanywa nchini India na kuchapishwa mwaka wa 1992 uliwahusisha watoto 2,300 wa umri wa miaka minne hadi 13. Ulionyesha kwamba wayo bapa ulikuwepo kwa asilimia 8.6 ya watoto waliovaa viatu, na asilimia 2.8 tu ya wale waliotembea pekupeku. Viatu vilivyofunika vidole ndivyo vilivyohusishwa zaidi na hali hiyo.

Kwa mtu mzima, tao linaloporomoka ghafla ni jambo tofauti. Huenda ikawa kano inayolishikilia tao imechoka au kukatika. Kwa mgonjwa wa kisukari ambaye nyayo zake zimepoteza hisia, mifupa inaweza kuvunjika na kuhama mahali pake bila maumivu makali. Wayo wa mgonjwa wa kisukari ukivimba, ukawa mwekundu na wenye joto, asiukanyagie na asingoje kesho, bali aende hospitalini.

Kasoro hizi humpata mtu akiwa tayari amejifunza kutembea. Ile tuliyoanza nayo humkuta mtoto kabla hajapiga hatua ya kwanza.

Pindo nne katika wayo mmoja

Nyayo za kupinda huwapata takriban mtoto mmoja katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa duniani. Wavulana hupatwa mara mbili zaidi ya wasichana, na karibu nusu ya watoto hao hupinda nyayo zote mbili. Hali hii isichanganywe na matege, ambayo ni kupinda kwa miguu penye magoti.

Wayo wa namna hii una pindo nne zilizoingiliana. Ya kwanza ni tao lililoinuka kupita kiasi, kwa sababu mfupa mrefu wa kidole gumba umeinama chini kuliko wenzake. Ya pili ni sehemu ya mbele ya wayo kugeukia ndani. Ya tatu ni kisigino kugeukia ndani vilevile. Ya nne ni wayo wote kuelekea chini na kisigino kuvutwa juu, kwa sababu kano nene ya nyuma ya kisigino imekaza.

Ukitazama mifupa, kiini cha pindo hizo ni kuhama kwa majirani wa talasi. Navikula, ambayo inapaswa kuketi mbele ya kichwa cha talasi, imeteleza upande wa ndani hadi ikakaribia kugusa kifundo. Kisigino kimezunguka ndani chini ya talasi, na kuboidi imekifuata. Kichwa cha talasi kimebaki wazi, na daktari hukigusa kwa kidole chake juu ya wayo, upande wa nje.

Si kila wayo uliogeuka wakati wa kuzaliwa ni wa aina hii. Baadhi hugeuka kwa sababu tu ya jinsi mtoto alivyolala tumboni. Wayo wa namna hiyo hukubali kunyooshwa kwa mkono hadi mahali pake bila kukaza, na kwa kawaida hujirudi wenyewe. Wayo wa kupinda wa kweli hukataa. Anayestahili kuamua ni mhudumu wa afya aliyefunzwa, si jirani.

Kuhusu chanzo, visa vingi havina sababu moja inayoweza kutajwa. Urithi una nafasi kubwa. Kwa pacha wa kufanana, mmoja akizaliwa na wayo wa kupinda, uwezekano wa mwenzake kuwa nao ni karibu thuluthi moja. Kwa pacha wasiofanana ni takriban asilimia tatu. Uvutaji wa sigara wakati wa ujauzito pia umehusishwa na ongezeko la visa. Wapo watoto wachache ambao kasoro hii huandamana na ugonjwa mwingine wa uti wa mgongo au misuli, na ndiyo sababu mtoto hukaguliwa mwili mzima.

Namna mama alivyoketi, alichokula au aliyemcheka hakumo katika orodha hiyo.

Karne nyingi za kukosea

Binadamu wameijua kasoro hii tangu kale. Tabibu Hippocrates wa Ugiriki, aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alishauri wayo unyooshwe mapema kwa mikono na kufungwa kwa vitambaa. Mnamo 1803, daktari Antonio Scarpa wa Italia alichapisha maelezo ya namna kisigino, navikula na kuboidi zinavyohama kuizunguka talasi.

Kwa bahati mbaya, maelezo ya Scarpa hayakuzaa mara moja tiba iliyoyazingatia. Mwaka wa 1831, Mjerumani Louis Stromeyer alianza kuikata kano ya kisigino kupitia tundu dogo la ngozi. Miongoni mwa aliowatibu ni daktari Mwingereza William John Little, ambaye mguu wake mwenyewe ulikuwa umepinda tangu utotoni, naye akaeneza njia hiyo kwao. Bandeji za plasta zilipovumbuliwa katika miaka ya 1850, madaktari walipata kifaa cha kuushikilia wayo ulionyooshwa.

Lakini namna ya kuunyoosha ilibaki tatizo. Katika karne ya 20, daktari J. Hiram Kite wa Atlanta, Marekani, alitumia plasta kwa uvumilivu mkubwa, akirekebisha pindo moja baada ya nyingine. Tiba yake ilichukua miezi mingi, na kwa wagonjwa wengine karibu miaka miwili.

Kasoro ya njia hiyo ilikuwa mahali pa kuweka kidole. Ili kuinyoosha sehemu ya mbele, mtibabu alibonyeza ubavu wa nje wa wayo, pale kisigino kinapokutana na kuboidi, kama mtu anyooshaye waya uliopinda. Kwa kubonyeza hapo alikizuia kisigino kisizunguke kutoka chini ya talasi. Behewa moja likakwama, na garimoshi zima likasimama.

Matokeo yalipochelewa, wapasuaji wengi waliamua kutumia kisu. Wayo ulifunguliwa, kano zikakatwa au kurefushwa, na mifupa ikapangwa kwa macho. Wayo ulionekana umenyooka. Hata hivyo, makovu yalikaza kadiri miaka ilivyosonga, na wengi waliopasuliwa utotoni walifikia utu uzima wakiwa na nyayo kavu na zenye maumivu.

Daktari mmoja aliyeliona jambo hilo na kulitafutia ufumbuzi alikuwa Ignacio Ponseti. Alizaliwa tarehe 3 Juni, 1914, katika kisiwa cha Menorca, Uhispania, akiwa mwana wa fundi wa saa. Aliwatibu majeruhi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi yake, akakimbilia Ufaransa, kisha Mexico, na mwaka wa 1941 akafika Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani.

Huko aliwachunguza waliopasuliwa zamani, akairudia elimu ya mifupa, na kufikia mkataa kwamba kano za mtoto mchanga zina nyuzi zenye mawimbi zinazoweza kurefuka taratibu bila kukatika. Aidha, mifupa ya mtoto mchanga bado kwa sehemu kubwa ni gegedu, yaani kitu kinachonyumbulika kama ukingo wa sikio. Gegedu ikiwekwa mahali pake, hujiunda upya kwa kufuata mahali hapo. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.

Ponseti alichapisha matokeo yake mwaka wa 1963, lakini wenzake hawakumjali sana. Ni katika miaka ya 1990 tu, baada ya ripoti kuhusu wagonjwa wake waliofuatiliwa kwa zaidi ya miaka 30, kitabu chake cha mwaka wa 1996, na wazazi walioanza kupashana habari kwenye intaneti, ambapo dunia ilimsikiliza. Alifariki mwaka wa 2009 akiwa na umri wa miaka 95. Tarehe yake ya kuzaliwa, Juni 3, huadhimishwa kuwa siku ya dunia ya nyayo za kupinda.

Hatua kwa hatua

Katika njia ya Ponseti, mpangilio wa kazi hufuata mpangilio wa mifupa.

Mtoto huanza kutibiwa katika majuma ya kwanza ya maisha. Mtibabu huunyoosha wayo kwa upole kwa dakika chache, kisha huufunga plasta kuanzia vidoleni hadi juu ya paja, goti likiwa limekunjwa. Plasta isiyovuka goti huteleza, na wayo ukajizungusha ndani yake. Baada ya juma moja plasta hutolewa, wayo husogezwa mbele kidogo, na plasta nyingine hufungwa. Kwa kawaida plasta tano au sita hutosha.

Hatua ya kwanza humshtua mzazi asiyeelezwa. Mtibabu huinua mfupa wa kidole gumba, na wayo huonekana kana kwamba umegeuzwa ndani zaidi. Hajakosea. Sehemu ya mbele ilikuwa imejisokota kinyume na ya nyuma, na ndiyo maana tao liliinuka. Ni lazima sehemu hizo mbili zilingane kwanza, ndipo ziweze kuzungushwa kwa pamoja.

Hatua ya pili ndiyo moyo wa tiba. Kidole gumba cha mtibabu hukizuia kichwa cha talasi kisisogee, na mkono wa pili huupeleka wayo nje polepole. Kwa kuwa talasi imetulia, navikula, kuboidi na kisigino huizunguka na kurudi mahali pake. Kisigino hakiguswi kabisa. Hunyooka chenyewe, kwa sababu kimefungwa pamoja na wenzake. Juma baada ya juma wayo hufikishwa nje kwa kiasi cha nyuzi 60 hadi 70.

Pindo ya nne, ile ya wayo kuelekea chini, huachwa hadi mwisho. Anayeharakisha kuuinua wayo kano ya kisigino ikiwa ingali imekaza haufikishi popote. Kisigino hubaki juu, nao wayo hupinduka katikati na kutokeza tumbo mfano wa chini ya mtumbwi. Hiyo ni kasoro mpya iliyotengenezwa na tiba.

Kwa hiyo, kwa watoto wengi, wapatao wanane au tisa katika kila kumi, kano ya kisigino hukatwa kwa kisu chembamba chini ya dawa ya ganzi. Kazi hii huchukua dakika chache, na mara nyingi haihitaji chumba cha upasuaji. Plasta ya mwisho hukaa majuma matatu, na katika muda huo kano huunganika upya ikiwa imerefuka.

Ili kupima maendeleo, watibabu wengi hutumia kipimo kilichobuniwa na Shafique Pirani, daktari wa mifupa wa Kanada aliyezaliwa Uganda. Dalili sita hupewa sufuri, nusu au moja, kulingana na ukali wake. Wayo wenye sita ni mbaya zaidi, na wenye sufuri umenyooka. Mzazi ana haki ya kuuliza alama za mwanawe kila juma. Zisiposhuka baada ya plasta kadhaa, inafaa kumwona mtibabu mwenye uzoefu zaidi.

Viatu vya upau

Plasta ya mwisho inapotolewa, wayo huwa umenyooka, na jamaa hufurahi. Hapo ndipo watoto wengi hupotezwa.

Mifupa imerudi mahali pake, lakini misuli na kano zilizoipindisha bado zinavuta. Mtoto anapokua kwa kasi, mvuto huo huongezeka. Ili kuuzuia, huvishwa viatu viwili vilivyounganishwa kwa upau wenye urefu wa kadiri ya upana wa mabega yake. Wayo uliotibiwa huelekezwa nje nyuzi 60 hadi 70. Ule ambao haukuwa na kasoro huelekezwa nje nyuzi 30 hadi 40.

Katika miezi mitatu ya kwanza viatu hivyo huvaliwa saa 23 kwa siku. Baada ya hapo huvaliwa mtoto anapolala, usiku na mchana, hadi afikishe miaka minne au mitano. Upau ni lazima, kwa maana viatu bila upau haviwezi kuushikilia wayo nje.

Siku za kwanza mtoto hulia. Anajifunza kwamba miguu yake sasa husogea pamoja. Mzazi amchezeshe kwa kuikunja na kuinyoosha miguu yote miwili kwa wakati mmoja, naye huzoea baada ya siku chache. Akiona kidonda au malengelenge kisiginoni, arudi kliniki, kwani mara nyingi huwa kiatu hakikukazwa vyema na wayo unateleza. Kuvitupa viatu si jawabu.

Kuachwa kwa viatu hivi ndiyo sababu kuu ya wayo kupinda tena. Ishara za mapema ni kisigino kuanza kuinuka na mtoto kukanyaga kwa ubavu wa nje. Mtoto huyo hurudishwa kwenye plasta chache, na aghalabu hunyooka tena.

Hali ya Afrika Mashariki

Njia ya Ponseti ilipata nafasi ya pekee barani Afrika kwa sababu haihitaji vifaa vya bei ghali. Inahitaji plasta, maji na mikono iliyofunzwa. Nchini Malawi na Uganda, ambako madaktari wa mifupa ni wachache mno, maafisa wa kliniki walifundishwa kuifanya, na matokeo yao yameripotiwa katika majarida ya tiba kuwa mazuri.

Nchini Kenya, hospitali ya AIC-CURE ilifunguliwa Kijabe mwaka wa 1998 kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa viungo, na hospitali kadhaa za umma na za kidini zina kliniki za nyayo za kupinda.

Hata hivyo, plasta sita ni safari sita. Mama anayeishi mbali na kliniki hulipa nauli kila juma, huacha kibarua chake siku hiyo, na huwaacha watoto wengine kwa jirani. Mwanamke anayelaumiwa na wakwe kwa kuleta kasoro nyumbani huifanya safari hiyo peke yake, na huenda asifike ya nne. Ndiyo maana kliniki nyingi humtaka baba aje pia. Akielewa kwamba ni mifupa iliyokosa mahali pake, na kwamba haimpi mtu yeyote hatia, nauli hupatikana kwa urahisi zaidi.

Mzazi afanye nini?

Mtoto akizaliwa na wayo uliopinda, aulizie kliniki kabla ya kutoka hospitalini au katika ziara ya kwanza ya chanjo. Asikandwe kwa nguvu, na asifungwe vijiti nyumbani. Kasoro ikionekana kwenye altrasaundi mama angali mjamzito, hakuna la kufanya tumboni, lakini wazazi wanaweza kuitafuta kliniki mapema.

Plasta ikishafungwa, iwekwe mbali na maji, na vidole vitazamwe mara kwa mara katika siku ya kwanza. Kucha zikibonyezwa zinapaswa kugeuka nyeupe kisha zirudishe rangi upesi. Vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi, vikivimba, au vikizama ndani ya plasta, mtoto arudishwe mara moja.

Aliyechelewa pia asikate tamaa. Watoto waliokwisha kuanza kutembea wametibiwa kwa plasta na kunyooka, ingawa huenda wakahitaji plasta nyingi zaidi au upasuaji mdogo. Mifupa ikishakomaa ikiwa imepinda, huenda kazi ikabaki ya kuikata na kuiunganisha upya.

Asiyetibiwa kabisa hutembea kwa ubavu wa wayo, au kwa mgongo wake, unyayo ukiwa umegeukia nyuma. Ngozi ya mahali hapo huota sugu nene, kiatu hakimtoshi, na mwendo wa kwenda shuleni huwa wa maumivu.

Kinyume chake, zaidi ya watoto tisa katika kila kumi wanaotibiwa mapema kwa njia hii hunyooka. Shavu la mguu uliotibiwa litabaki jembamba kidogo, na wayo wenyewe huenda ukawa mfupi kuliko mwenzake. Lakini mtoto atasimama kwa unyayo wake, atavaa kiatu cha dukani na kukimbia na wenzake. Kinachohitajika ni plasta chache, mtibabu ajuaye mahali pa kuweka kidole gumba, na mzazi anayevifunga viatu vya upau kila usiku hadi mtoto atimize miaka minne au mitano.